Pikapu ya Dizeli au ya Petroli: Namna ya Kupiga Hesabu Kabla ya Kulipa

Mtu anayetafuta pikapu ya ukubwa wa kati kwa ajili ya kazi, yaani gari la daraja la Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Mitsubishi L200 au Nissan Navara, hukutana mapema na swali la injini, na mara nyingi hulijibu kabla hajalifikiria. Hapa Tanzania pikapu imezoeleka kuwa ya dizeli kama basi la mkoani lilivyo la dizeli, na anayesema kuwa anataka ya petroli huulizwa kama fedha zimempungukia. Mazoea hayo yana asili yake. Pikapu za zamani zenye injini za Toyota 3L na 5L, ambazo hazikuwa na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) wala kompyuta, zilivumilia dizeli chafu, mafundi wa chini ya mwembe na miaka ishirini ya barabara za vumbi, na watu walioishi nazo walijenga imani ambayo wameirithisha kwa watoto wao. Injini za dizeli za leo ni za aina nyingine. Zina nguvu ya kuvuta mara mbili ya zile za zamani na hutumia mafuta kwa ustaarabu zaidi, lakini zinadai usafi wa mafuta na nidhamu ya matunzo ambayo 5L haikuwahi kuidai kwa mtu.

Ninachoshikilia katika mwongozo huu ni kwamba gharama ya ziada ya dizeli hulipwa na kilometa nyingi zenye mzigo. Mwenye kilometa hizo anunue dizeli bila kusita. Asiyekuwa nazo analipia sifa ya gari la jirani, na atailipia tena gereji.

Anza na daftari la mwezi mmoja

Kabla ya kuuliza bei ya gari lolote, andika kwa mwezi mzima kazi inayofanywa na gari ulilonalo sasa, au na magari unayokodi. Andika tarehe, kilometa za dashibodi asubuhi na jioni, mzigo kwa makadirio ya kilo, na aina ya njia: lami ya safari ndefu, vumbi, mlima au foleni ya mjini. Hesabu pia safari zisizofika kilometa 15, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoamua afya ya injini ya dizeli kuliko zile ndefu, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Katika kuandika mzigo usijidanganye. Gunia la viazi lililofungwa lumbesa hupita kilo 100 kwa urahisi, hivyo magunia kumi ya namna hiyo yamekwisha kuvuka tani moja, ambayo ndiyo takriban uwezo halali wa pikapu ya daraja hili pamoja na dereva na abiria wake. Watu wengi husema kwamba hawabebi mzigo mkubwa, kumbe wanabeba tani moja na robo mara mbili kwa wiki. Na wengine husema kwamba gari lao ni la kazi nzito, lakini daftari likifunguliwa linaonyesha mifuko sita ya saruji kwa mwezi na safari nyingi za kwenda ofisini na kurudi.

Kama una gari tayari, pima pia ulaji wake. Jaza tenki hadi pampu ijizime yenyewe, andika kilometa, endesha siku zako za kawaida, kisha jaza tena kwa namna ileile, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Gawanya kilometa ulizotembea kwa lita zilizoingia mara ya pili. Rudia mara tatu ndipo uamini jibu, kwa maana tenki moja huweza kudanganya kwa sababu ya foleni ya siku moja au gari kusimama kwenye mteremko wakati wa kujaza.

Nguvu inayozungumzwa ni ipi

Takwimu za Hilux zinaeleza jambo hili vizuri, kwa kuwa gari moja huuzwa na injini zote mbili. Injini ya petroli ya lita 2.7, inayoitwa 2TR-FE, hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 245, na huifikia inapozunguka takriban mara 4,000 kwa dakika. Injini ya dizeli ya lita 2.4, yaani 2GD-FTV, hufikisha nyutonimita 400 ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu. Ile ya lita 2.8, yaani 1GD-FTV, katika matoleo ya kuanzia 2020 yenye giaboksi ya otomatiki, hufikisha 500. Kwa lugha ya barabarani, dizeli inakupa nguvu yake wakati injini bado imetulia, ilhali petroli inakulazimisha uikanyage hadi ipige kelele ndipo ikupe nusu ya nguvu hiyo.

Tofauti hii niliifahamu vyema pale mlima Kitonga, kabla ya kufika Ilula kwa anayetoka Dar es Salaam. Kwa miaka kadhaa nilipanda mlima ule na pikapu ya petroli iliyobeba pembejeo, na kila mara nilijikuta kwenye gia ya pili nyuma ya malori, injini ikilia, sindano ya joto ikiwa imeanza kusogea na mafuta yakienda kama maji. Mara ya kwanza kupanda na dizeli yenye mzigo uleule nilikaa gia ya tatu muda mwingi, na nilipofika juu sindano ya joto haikuwa imeondoka mahali pake. Gari la dizeli halikuwa na mbio zaidi kwenye tambarare ya Mikumi. Lilichokuwa nacho ni pumzi ya mlimani.

Pumzi hiyo ina sababu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Katika mwinuko wa karibu mita 2,000, kama ule wa Njombe, hewa huwa nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa takriban kiasi hichohicho. Turbo ya injini ya dizeli husukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo mtu wa Makete, Mbeya au Lushoto anayeulizia pikapu anauliza swali tofauti na la mtu wa Kigamboni, hata kama wote wawili wanataja gari moja.

Kuhusu ulaji wa mafuta, lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake hugandamiza hewa zaidi, hivyo huitumia nishati hiyo vizuri zaidi. Faida ya kilometa kwa lita inatokana na mambo hayo mawili.

Hesabu yenyewe

Chukua daftari lako na ufanye hesabu ifuatayo kwa namba zako mwenyewe. Mimi nitatumia namba za mfano tu ili njia ionekane. Tuseme lita ya petroli na ya dizeli zote ni shilingi 3,000. Tuseme pikapu ya petroli inakwenda kilometa 8 kwa lita na ya dizeli kilometa 11, na kwamba kati ya magari mawili ya mwaka mmoja na hali moja, la dizeli limezidi bei kwa shilingi 12,000,000.

Kilometa moja kwa petroli itakugharimu shilingi 375, na kwa dizeli takriban 273. Umeokoa shilingi 102 kwa kila kilometa, na wauzaji wengi huishia hapo. Wewe endelea. Injini ya 2.8 hunywa takriban lita saba na nusu za oili kila inapobadilishwa, wakati ile ya petroli hunywa kama lita sita. Chujio la mafuta la dizeli hubadilishwa mara nyingi zaidi na ni ghali zaidi, na oili inayofaa ina bei yake. Tuseme sevisi ya dizeli inazidi ya petroli kwa shilingi 150,000 kila kilometa 5,000. Hiyo ni shilingi 30 kwa kilometa, kwa hiyo akiba halisi ni shilingi 72.

Mtu anayetembea kilometa 1,000 kwa mwezi anaokoa shilingi 72,000. Akigawanya milioni 12 kwa kiasi hicho atapata karibu miezi 167, ambayo ni takriban miaka 14. Anayetembea kilometa 3,000 atahitaji miezi 56, yaani miaka minne na miezi minane. Anayetembea kilometa 5,000 atarudisha fedha zake katika muda usiofika miaka mitatu. Gari ni lilelile na bei ni ileile, ila daftari limebadilika.

Sasa ongeza mzigo. Petroli ikibebeshwa tani na kupandishwa milima hushuka vibaya, tuseme hadi kilometa 6 kwa lita, ilhali dizeli hushuka kwa upole, tuseme hadi 9.5. Kilometa moja inakuwa shilingi 500 dhidi ya takriban 316, na baada ya kutoa zile 30 za sevisi akiba inabaki karibu shilingi 154. Mtu yuleyule wa kilometa 3,000 sasa anahitaji miezi 26 tu. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza mzigo uandikwe kwa ukweli: umeigawa miaka ya kusubiri katikati.

Kuna jambo moja linaloipendelea dizeli hata kwa asiyetembea sana, nalo ni bei ya kuuzia. Pikapu ya dizeli iliyotunzwa hupata mnunuzi haraka, na sehemu ya ile milioni 12 ya ziada hurudi siku ya kuuza. Ukiamini kwamba nusu itarudi, basi unachotakiwa kukifidia kwa akiba ya mafuta ni milioni 6 tu. Lakini iandike hesabu hiyo pembeni, kwa maana mnunuzi huyo wa baadaye hulipa bei nzuri kwa injini nzima, na injini iliyoanza kutoa moshi huipoteza faida yote hiyo katika dakika ya kwanza ya kukaguliwa.

Bei za mafuta zitazame kila mwezi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa kila mkoa na wilaya, na kwa Kenya mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza tarehe 14. Ipo miezi ambayo dizeli huizidi petroli na ipo ambayo hali huwa kinyume. Katika mfano wetu wa kwanza, dizeli ikipanda hadi shilingi 3,200 wakati petroli imebaki 3,000, akiba ya 102 inashuka hadi karibu 84 kabla ya kutoa sevisi. Usinunue gari la miaka kumi kwa kuangalia bei ya mwezi mmoja. Tazama mabadiliko ya angalau mwaka mzima.

Kinachoila akiba hiyo

Katika injini ya kisasa ya dizeli mafuta husukumwa kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, kwa mgandamizo unaozidi baa 2,000, yakipita kwenye matundu membamba kama unywele. Kifaa cha namna hiyo hakivumilii maji wala vumbi. Nozeli moja mpya halisi ni mzigo kwa mfuko wa mtu wa kawaida, na zipo nne. Pampu ya mgandamizo ikiharibika na kumwaga vipande vya chuma kwenye mfumo, bei huwa ya kumfanya mwenye gari akae chini. Kwa hiyo kila anayenunua dizeli anapaswa kutenga fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya nozeli na turbo, na asipozihitaji ashukuru.

Usafi wa mafuta si jambo la nadharia kwetu. Neno uchakachuaji liliingia midomoni mwa kila mtu kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli, hadi Tanzania ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli. Hali imekuwa bora sana tangu hapo, lakini maji bado huingia, hasa kwenye matangi ya chini ya ardhi na kwenye madumu ya pembeni mwa barabara.

Mimi mwenyewe nilijaza tenki usiku kwenye kituo kimoja cha njiani baada ya mvua kubwa, na kilometa chache mbele taa ya chujio la mafuta ikawaka na gari likaanza kukosa nguvu. Nilisimama, nikafungua boneti, nikakata chupa ya maji ya nusu lita na kuiweka chini ya chujio, kisha nikalegeza kile kifungo cha plastiki cha kitako chake na kupampu kwa mkono. Chupa ilipojaa na kutulia niliiangalia kwa tochi ya simu: juu ilikuwa dizeli ya rangi ya chai nyepesi, na chini yake vidole viwili vizima vya maji meupe, na mpaka kati yao umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nilirudia mara nne ndipo maji yakaisha. Kama ningeipuuza taa ile hadi mjini, maji yale yangepita kwenye pampu na nozeli.

Jifunze kufanya kazi hiyo siku utakayonunua gari, mchana, ukiwa na fundi pembeni. Badilisha chujio la dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema kama unajaza vijijini, na beba jingine chini ya kiti pamoja na spana yake. Mhudumu wa kituo mtajie neno dizeli na utazame pampu anayoishika, kwa kuwa petroli ikiingia kwenye tenki la dizeli, usalama wako umo katika kutozungusha ufunguo kabisa: gari lisukumwe pembeni na tenki limwagwe kabla injini haijawaka. Ikiwaka hata dakika mbili, petroli, ambayo haina ulaini wa dizeli, imekwisha fika kwenye pampu.

Jambo la pili linaloila akiba ni chujio la masizi, kile kifaa kilichofungwa kwenye bomba la eksozi la dizeli nyingi mpya, na hasa zile zilizotoka Uingereza, Japani na Australia zikiwa zimetumika. Chujio hili hukusanya masizi na kila baada ya muda huyachoma lenyewe, lakini kuyachoma kunahitaji joto la takriban nyuzi 600 na mwendo wa kutulia wa kama robo saa au zaidi. Gari linalotoka Mbezi kwenda Posta kwa foleni na kurudi jioni haliupati mwendo huo. Masizi hujaa, taa huwaka, nguvu hupungua, na katika baadhi ya injini dizeli iliyokusudiwa kuyachoma hutiririka na kuchanganyika na oili. Safari fupi zile ulizozihesabu kwenye daftari zinaingia hapa. Kama ni nyingi kuliko ndefu, dizeli yenye chujio la masizi haikufai, hata kama kilometa zako za mwezi ni za kutosha.

Ikiwa unanunua Hilux, Fortuner au Prado ya dizeli iliyotumika Australia, fahamu pia kwamba Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua mwaka 2022 kwamba mfumo wa chujio hilo kwenye magari yaliyouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 ulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ilijitokeza hata kwenye mwendo wa barabara kuu. Omba kumbukumbu za sevisi na uulize kama marekebisho yalifanyika. Kuhusu salfa, nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango chake katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa na njema, lakini injini zilizotengenezwa kwa viwango vipya vya Ulaya zilikusudiwa dizeli yenye sehemu 10. Kama gari linadai pia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa eksozi, ulizia upatikanaji wake katika mji unaoishi kabla ya kulipa. Kwa kazi za mikoani ningechagua toleo lililotengenezwa kwa ajili ya masoko yetu, lisilo na vifaa hivyo, kuliko toleo la Ulaya lenye viti vya ngozi. Kulikata chujio na kutupa matumbo yake, kama gereji nyingi zinavyoshauri, kunamwaga masizi hewani karibu na shule na masoko yetu, na mimi sikubaliani nako.

Kukagua dizeli iliyotumika

Wengi wetu hatununui gari jipya, na hapa ndipo hesabu zote za juu huweza kuvunjika kwa siku moja. Pikapu ya petroli iliyochoka hukusumbua kwa plagi, koili na pampu ndogo ya tenki. Dizeli iliyochoka hukushushia injini.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu ugonjwa wa dizeli hujificha injini ikishapata joto. Washa na usikilize. Injini nzima hushika mara moja, hugonga kwa sauti ya dizeli kwa muda mfupi kisha hutulia. Tazama eksozi. Moshi mweupe unaoendelea na kunusa dizeli mbichi huashiria nozeli zinazovuja au mgandamizo uliopungua. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ama kutoka kwenye ringi za pistoni au kwenye turbo. Moshi mweusi kidogo unapokanyaga kwa ghafla si wa kutisha kwa gari lisilo na chujio la masizi, lakini ukiwa mzito na wa kudumu unasema kwamba nozeli zinamwaga au hewa haiingii ya kutosha.

Injini ikiwa inazunguka taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache kikae juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitetemeka kidogo, hakuna neno. Kikirushwa, au tundu likipumua moshi kama sufuria ya ugali inayochemka, mgandamizo unapita kando ya pistoni, na bei iliyotajwa haina maana tena. Toa pia kijiti cha oili na ukisugue kati ya vidole: oili ya dizeli huwa nyeusi kila mara, hiyo si kasoro, lakini ikiwa nyepesi kama maji na inanuka dizeli, au kipimo kimepanda juu ya alama, kuna mafuta yanayoingia mahali pasipo pake.

Kwa Hilux na Prado zenye injini ya 1KD ya lita 3.0, ile inayofahamika kwa maandishi ya D-4D, ulizia mahususi washa za shaba za nozeli, yaani pete ndogo za kuzibia. Zikivuja, gesi chafu huingia kwenye oili na kutengeneza masizi mazito yanayoziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na injini hukosa oili huku kipimo kikionyesha kuwa ipo. Ulizia pia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilometa 150,000; 1GD iliyofuata hutumia cheni. Kilometa za dashibodi zichukulie kama maneno ya muuzaji tu hadi zithibitishwe na raba ya pedali ya klachi, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Pedali iliyolainika hadi chuma kinachungulia haijatembea kilometa 80,000.

Halafu ulipie vipimo viwili: cha kompyuta, ili kusoma makosa yaliyohifadhiwa, na cha marejesho ya nozeli, ambapo fundi hufunga vichupa vinne na kuangalia kiasi cha dizeli kinachorudi kutoka kwenye kila nozeli. Vichupa vikikaribiana, ni dalili njema. Kimoja kikijaa upesi kuliko vingine, nozeli hiyo imekwisha, na zilizobaki kwa kawaida haziko mbali. Muuzaji anayekataa vipimo hivi kwa gharama yako amekwisha kukujibu.

Anayefaa kubaki na petroli

Fundi ujenzi wa mjini, mwenye duka anayechukua bidhaa Kariakoo na kuzipeleka Tabata, mtu wa ofisi anayehitaji pikapu kwa ajili ya shamba la wikiendi Kibaha, wote hawa wanafaa petroli, na wasione haya. Injini ya 2TR ni rahisi, ina cheni, haina turbo wala nozeli za bei ya kutisha, na fundi wa kila mkoa anaifahamu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna faida nyingine inayozidi kukua: injini ya petroli hufungwa mfumo wa gesi asilia kwa urahisi, wakati ya dizeli, isiyo na plagi ya kuwashia gesi, haibadilishwi kwa njia hiyo rahisi. Mtungi utakula sehemu ya bodi ya nyuma, na gari litakuwa limefungwa kwenye miji yenye vituo, lakini kwa gari lisilotoka mjini akiba yake huweza kuishinda ile ya dizeli.

Ukiisha kuamua dizeli na kuikagua, usiianzishie kazi siku hiyohiyo. Badilisha oili na machujio yote, hata kama muuzaji ameapa kwamba aliyabadilisha wiki iliyopita, mwaga maji ya chujio la dizeli na uyaangalie kwenye chupa, na andika kilometa za siku hiyo kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya litakalokaa ndani ya gari. Mfundishe dereva kuacha injini itulie kwa dakika moja au mbili baada ya mlima au mwendo mrefu kabla ya kuizima, ili oili ipoze turbo. Mwonyeshe taa ya maji ya chujio la dizeli ilipo kwenye dashibodi, mpe chupa iliyokatwa na spana, na umtazame akilifungua chujio kwa mikono yake kabla ya kumkabidhi ufunguo.